Mita janja za umeme: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu faragha na usalama

Mita janja, yaani mita zinazotuma vipimo zenyewe kwenda kampuni ya umeme, zimeanza kuingia kwenye nyumba zetu, na maswali yameanza kuingia nazo. Majibu haya ni ya mtu wa kawaida anayenunua umeme kwa simu, anayetaka kujua mita iliyo ukutani au juu ya nguzo inajua nini, inamwambia nani, na nani mwingine anaweza kuingilia hapo katikati. Msimamo wangu nauweka wazi mapema. Ukitaka kujua mita inaigusa vipi faragha yako, uliza kwanza inasomwa kila baada ya muda gani, kisha uliza vipimo hivyo vinakaa kwa nani na kwa muda gani. Karibu kila kitu kingine kinategemea majibu hayo.

Mita yangu ya LUKU ni mita janja?

Kwa wengi, hapana. LUKU ya kawaida ya Tanzania Bara, TUKUZA ya Zanzibar, mita za tokeni za Kenya, Yaka ya Uganda na Cash Power ya Rwanda zimejengwa juu ya utaratibu uitwao STS, uliozaliwa Afrika Kusini miaka ya 1990. Katika utaratibu huo mita haihitaji kuwasiliana na mtu. Unalipa, seva ya mauzo inatengeneza namba ya tarakimu 20, unaibonyeza, na mita inaifungua kwa ufunguo wa siri uliomo ndani yake. Ikikuta namba ni halali na haijawahi kutumika, inaongeza uniti. Taarifa zinaingia kwenye mita, hazitoki. Rimoti unayobonyezea ndani, kama mita yako iko juu ya nguzo, inaongea na mita hiyo tu na haifiki popote zaidi.

Ndiyo sababu mwaka 2024 ilibidi kila mteja abonyeze namba za ziada kwa mkono. Mita za STS huhesabu muda kwa dakika tangu mwaka 1993, na hesabu hiyo ilikuwa inafika mwisho tarehe 24 Novemba 2024. Kama mita zingekuwa na mawasiliano, kampuni zingezibadilisha zote kutoka ofisini. Hazikuwa nayo, kwa hiyo mteja alitumiwa makundi mawili ya tarakimu 20 ya kubadili ufunguo, pamoja na tokeni yake ya umeme. Usumbufu ule ulikuwa pia ushahidi kwamba mita ya zamani haina mdomo.

Mita janja inao. Ndani yake kuna laini ya simu, au redio ndogo inayorusha taarifa kwa mita ya jirani hadi zifike kwenye kikusanyio, au chombo kinachopitisha taarifa kwenye waya uleule wa umeme. Dalili moja ni hii: umelipa, na uniti zimeingia zenyewe bila wewe kubonyeza chochote. Nyingine ni programu ya simu inayokuonyesha salio lako sasa hivi, ukiwa safarini. Kama simu yako inaliona salio hilo ukiwa Mwanza na mita iko Tanga, basi kuna seva mahali fulani inayoliona kabla yako.

Basi kampuni ya umeme inajua nini kunihusu kwa sasa, na mita yangu si janja?

Inajua manunuzi. Umenunua lini, kiasi gani, kwa njia ipi, na kwa namba gani ya simu kama umelipa kwa simu. Hayo si machache. Mtu anayenunua uniti za elfu mbili kila jioni ana maisha tofauti na anayenunua za laki moja mwanzo wa mwezi, na anayeangalia orodha hiyo anaiona tofauti hiyo.

Tanzania kuna kiungo kingine. Tangu Agosti 2021 kodi ya majengo inakatwa kupitia LUKU, na ilipoanza ilikuwa shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida. Kwa hiyo namba ya mita, ambayo zamani ilikuwa ya kununulia umeme tu, sasa imefungamanishwa na jengo na kodi ya serikali. Sisemi kukusanya kodi ni kosa. Nasema namba ile imepanda cheo, nasi bado tunaibandika ukutani na kuitupa kwenye makundi ya WhatsApp kama zamani.

Mita janja inaona nini hasa ndani ya nyumba?

Inaona jumla ya umeme unaotumika katika kila kipande cha muda. Neno la kushika hapo ni kipande. Mita ikisomwa mara moja kwa mwezi, inajua bili yako. Ikisomwa mara moja kwa siku, inajua ulisafiri lini. Ikisomwa kila nusu saa, inaanza kujua ratiba yako. Ikisomwa kila sekunde, inajua vyombo vyako kimoja kimoja.

Chukua nyumba ya kawaida yenye friji, feni mbili, televisheni, pasi, birika la umeme na pampu ya maji, inayosomwa kila nusu saa. Usiku wa manane kila kipande kinasoma kama uniti 0.05, friji na feni tu. Saa kumi na moja na nusu alfajiri kinaruka hadi 0.3: taa zimewashwa, birika limechemsha, mtu kapiga pasi sare za shule. Saa mbili asubuhi kimerudi 0.04, na kinabaki hapo hadi saa kumi jioni. Hakuna mtu nyumbani. Siku nne mfululizo zikisoma 0.03 tu, nyumba ni tupu, na mwizi hahitaji kupita mtaani kuchungulia. Kama kila siku ya kazi kuna matumizi ya mchana yanayopanda na kushuka, kuna mtu anayeshinda humo: mgonjwa, mzee, dada wa kazi, au aliyepoteza ajira mwezi uliopita.

Sasa iangalie nyumba hiyohiyo mwezi wa Ramadhani. Mwaka mzima saa tisa za usiku kipimo kilikuwa chini. Ghafla, kwa siku 29 au 30, kinapanda saa tisa na nusu au saa kumi, watu wamekula daku, kisha kinashuka. Anayesoma safu hiyo ya tarakimu anajua dini ya nyumba hiyo bila kumuuliza mtu. Kinyume chake pia: nyumba ambayo kila Ijumaa jioni hadi Jumamosi jioni haipigi pasi wala kupika kwa umeme imeeleza jambo fulani kuhusu inavyosali. Dini ni taarifa nyeti katika sheria za ulinzi wa data, na mita haikuundwa kuikusanya. Inaikusanya hivyohivyo.

Kwa vipimo vya karibu zaidi, utaalamu wake ni wa zamani. George Hart wa chuo cha MIT, Marekani, alianza miaka ya 1980 kuonyesha jinsi ya kutambua vyombo vya nyumba kwa kupima waya mkuu tu, kutokea nje. Kila chombo kina alama yake: friji huwaka na kuzima kwa mzunguko, pasi hukata na kurudi kadiri inavyopata moto, pampu huvuta sana pale inapoanza kisha hutulia. Mwaka 1989 Hart mwenyewe aliandika kuonya kwamba kipimo hiki kinaweza kugeuzwa kuwa chombo cha kuchunguza watu. Ni mtu wa ndani aliyeonya, wakati ambapo mita janja zilikuwa bado hazijaenea popote.

Ni kweli inaweza kujua natazama nini kwenye televisheni?

Imewahi kufanyika, kwa masharti. Mwaka 2011 watafiti wa chuo cha sayansi tumizi cha Münster, Ujerumani, walichukua mita iliyokuwa inatuma vipimo kila sekunde mbili. Televisheni zilizokuwepo zilikula umeme zaidi picha ikiwa na mwanga na kidogo ikiwa na giza, kwa hiyo kila filamu iliacha mchoro wake. Walilinganisha michoro na kutambua filamu iliyokuwa inaonyeshwa, ilimradi vyombo vingine visiingilie sana. Pia waligundua vipimo vile vilikuwa vinasafiri kwenye intaneti bila kufichwa, yeyote njiani angeweza kuvisoma. Mita inayosomwa kila nusu saa haiwezi kufanya hivyo.

Ina kamera au inasikiliza maongezi?

Mita ya umeme haihitaji kamera wala maikrofoni na kazi yake haivitumii. Mionzi ya redio yake ni ya aina ileile ya simu ya mkononi, nayo huongea kwa vipindi vifupi. Wasiwasi wako upeleke kwenye vipimo.

Polisi wanaweza kuchukua vipimo vya nyumba yangu?

Marekani imelipitia swali hili mahakamani, na kisa chenye manufaa zaidi kwetu ni cha Naperville, mji ulio karibu na Chicago. Mji huo una shirika lake la umeme. Ulifunga mita zinazosoma kila dakika 15 na kuhifadhi vipimo hadi miaka 3, na wakazi hawakupewa njia ya kweli ya kukataa. Wakazi walishtaki. Agosti 2018 mahakama ya rufaa ilisema jambo ambalo kila mtunga sera angelibandika ukutani kwake: kusoma mita kwa ukaribu huo ni upekuzi wa nyumba, kwa sababu unafichua yanayotendeka ndani. Lakini iliuona upekuzi huo kuwa halali, kwa kuwa lengo lilikuwa kuendesha gridi na si kutafuta wahalifu. Ikaongeza kwamba jibu linaweza kubadilika kama mji ungesoma kwa vipande vifupi zaidi, au kama polisi wangevipata vipimo kwa urahisi.

Mwaka 2022 hofu hiyo ilipelekwa mahakamani Sacramento, California. Shirika la umeme la huko, SMUD, lilishtakiwa kwa kuwapa polisi orodha za wateja wanaotumia umeme mwingi katika maeneo mazima ya posta, ili watafutwe wanaolima bangi ndani ya nyumba. Aliye na mashine ya kupumulia, au nyumba yenye familia tatu, naye anatumia umeme mwingi.

Kisa cha tatu ni cha mita ya maji, lakini ni ndugu yake. Huko Bentonville, Arkansas, waendesha mashtaka wa kesi ya kifo cha mwaka 2015 walitumia mita janja ya maji iliyoonyesha galoni zipatazo 140, zaidi ya lita 500, zilitumika kati ya saa saba na saa tisa usiku. Walidai yalikuwa ya kuosha ushahidi. Mashtaka yalifutwa mwaka 2017. Hukumu yangu ni kwamba vipimo vya muda mfupi vipatikane kwa amri ya mahakama, kwa mtu mmoja anayetajwa, na kamwe visitolewe kwa mtaa mzima.

Mwenye nyumba amefunga mita ndogo kila chumba, na anaiona kwenye simu yake. Hilo ni tatizo?

Ndiyo, na kwa maoni yangu ndilo tatizo lililo karibu nasi kuliko yote. Watu wanaogopa shirika la umeme, ambalo lina makabati ya sheria juu ya kichwa chake, huku mwenye nyumba akiwa na programu kwenye simu inayomwonyesha mpangaji wa chumba namba nne ameamka saa ngapi.

Mita hizi za wapangaji huuzwa na kampuni binafsi. Hufungwa baada ya mita kuu, na nyingi zina Wi-Fi au laini ya simu. Ni kweli zimemaliza ugomvi wa zamani wa kuchangia LUKU moja, wa nani ana friji na nani anapika kwa jiko la umeme. Huo ni unafuu halisi. Lakini angalia kilichokuja pamoja nao. Mpangaji hana mkataba na kampuni iliyotengeneza mita. Hajui seva iko nchi gani. Mwenye nyumba anaona matumizi ya kila saa, na mara nyingi anaweza kukizima chumba kwa kubonyeza simu. Kodi ikichelewa, umeme unazimwa, ingawa umeme huo umelipiwa. Dada anayeishi peke yake hana sababu yoyote ya kumfahamisha mwenye nyumba usiku gani hakulala ndani.

Omba mambo matatu kabla ya kusaini. Mkataba useme mwenye nyumba ataona jumla ya mwezi tu, labda ya siku, na si ya saa. Useme umeme hautazimwa kwa sababu ya deni la kodi. Na wewe mpangaji uwe na akaunti yako mwenyewe kwenye programu, ili ukione kile anachokiona. Mwenye nyumba mwelewa hatakataa, kwa sababu jumla ya mwezi inamtosha kudai haki yake.

Mtu akijua namba ya mita yangu, au akipiga picha tokeni yangu, atanidhuru vipi?

Tokeni yenyewe imefungwa kwa ufunguo wa mita yako, kwa hiyo kwenye mita ya mwingine ni namba zisizo na kazi. Na mwenye namba ya mita yako anachoweza kufanya kwa urahisi ni kukununulia umeme.

Hatari iko kwenye vinavyoambatana nayo. Baadhi ya njia za malipo humwonyesha mnunuzi jina la mteja ili ahakikishe hajakosea, kwa hiyo namba ya mita iliyoandikwa kwenye nguzo au ukutani inaweza kumpa mpita njia jina. Kwa jina na namba ya mita, tapeli anakupigia simu akiwa ameshiba taarifa: "Bwana fulani, mita yako namba hii ina deni, tuma kiasi hiki tusiifunge." Sauti ya mtu anayejua namba yako ya mita inaaminika haraka. Vishoka, wale mafundi wa umeme wasio rasmi, walilitumia pia lile zoezi la mwaka 2024, wakati kubadili ufunguo kulikuwa bure na mteja aliweza kujifanyia mwenyewe nyumbani.

Kila siku watu huandika chini ya kurasa za mashirika ya umeme: namba ya mita, namba ya simu, eneo, na "naombeni tokeni yangu, nimelipa tangu asubuhi". Peleka mambo hayo kwenye ujumbe wa faragha. Na ukirusha picha ya risiti kwenye kikundi cha familia, ziba namba.

Je, tokeni zinaweza kughushiwa?

Kubuni namba 20 zitakazokubaliwa na mita yako ni kazi isiyowezekana kwa kubahatisha. Wizi mkubwa hufanyika kwenye chanzo, yaani mashine au mfumo unaotengeneza tokeni halali. Afrika Kusini mashine za mauzo ziliwahi kuibiwa na kuendelea kuuza umeme pembeni. Desemba 2024 Eskom, shirika la umeme la huko, ilieleza kwamba mfumo wake wa mauzo wa mtandaoni ulikuwa umeingiliwa na tokeni za udanganyifu zikatengenezwa. Anayekuuzia uniti kwa nusu bei, basi, huenda anakuuzia mali ya wizi, na mita yako ndiyo yenye kumbukumbu.

Mita zenyewe nazo zimewahi kuwa na kasoro za kushangaza. Katika miaka ya mwanzo ya mita za malipo ya kabla huko Soweto, wateja waligundua kwamba aina moja ya mita ilijijaza salio la juu kabisa voltage ikishuka kutoka 220 hadi kama 180. Muda si mrefu vijana wakawa wanarusha minyororo ya chuma juu ya nyaya za kilovolti 11 ili voltage ianguke. Hakuna aliyevunja msimbo wowote wa siri. Mtengenezaji alisahau kujiuliza mita itafanya nini umeme ukiyumba, na kwetu umeme huyumba.

Mita janja inaweza kudukuliwa?

Imeshadukuliwa. Mwaka 2009 shirika la umeme la Puerto Rico liliomba msaada wa FBI, na taarifa ya FBI ya mwaka 2010 ilieleza mbinu. Watu wenye ujuzi, wakiwemo waliodhaniwa kuwa wafanyakazi wa zamani wa kampuni za mita, waliunganisha kompyuta kwenye tundu la mwanga lililo mbele ya mita, lile la mafundi, kwa kifaa cha dola kama 400, wakaibadilisha isome pungufu. Bei ilikuwa dola 300 hadi 1,000 kwa nyumba, na kama 3,000 kwa biashara. Hao ni vishoka wenye kompyuta.

Mwaka huohuo wa 2009 mtafiti Mike Davis alionyesha Las Vegas, kwa majaribio ya kompyuta, jinsi programu haribifu inavyoweza kuruka kutoka mita moja hadi nyingine kwa redio zao wenyewe: katika mtaa wa nyumba 22,000, nyumba 15,000 ziliambukizwa ndani ya saa 24. Na mwaka 2014 Javier Vázquez Vidal na Alberto García Illera walifungua mita zilizofungwa Hispania wakakuta mita nyingi zikitumia ufunguo uleule wa siri. Ukiuchimba kwenye mita moja umezipata zote.

Hapo ndipo swali la kiufundi muhimu kuliko yote kwa shirika lolote linaloagiza mita: kila mita ina ufunguo wake peke yake? Wateja tuna haki ya kuulizia hilo na kujibiwa kabla ya zabuni kufungwa.

Nani anashika swichi?

Mita janja nyingi zina swichi ndani inayoweza kufunguliwa kwa amri kutoka mbali. LUKU ya kawaida nayo ina swichi, lakini inaamriwa na salio lako, humohumo ndani. Tofauti hiyo inalihusu taifa zima. Ross Anderson, mtaalamu wa usalama wa kompyuta wa chuo kikuu cha Cambridge, aliyeshiriki katika usalama wa mita za malipo ya kabla za Afrika Kusini miaka ya 1990, aliandika na mwenzake Shailendra Fuloria mwaka 2010 kwamba kuweka swichi ya mbali kwenye kila nyumba ni kumpa adui wa nchi silaha mpya. Anayeikamata seva moja anaweza kuzima mamilioni kwa pamoja. Tarehe 23 Desemba 2015 huko Ukraine wadukuzi waliingia kwenye kompyuta za kampuni za usambazaji, wakafungua swichi za vituo, na wateja wapatao 225,000 wakakaa gizani kwa saa kadhaa. Hawakupitia mita, walipitia vituo. Lakini kanuni ni ileile.

Na si lazima iwe vita. Julai 2019 City Power, shirika la umeme la jiji la Johannesburg, ilishambuliwa na programu ya kudai fidia, na wateja wakashindwa kununua umeme wa malipo ya kabla. Mei 2021 sisi wenyewe tulishuhudia mauzo ya LUKU yakikwama kwa siku kadhaa nchi nzima. Waliokuwa na pesa mkononi walilala gizani. Kadiri mambo mengi yanavyotegemea seva moja, ndivyo seva hiyo ikilala tunavyolala nayo.

Uingereza imeonyesha sura nyingine ya swichi hii. Katika kupanda kwa bei ya nishati, kampuni ziliweza kumhamishia mteja mwenye deni kwenye malipo ya kabla bila fundi kufika nyumbani, kwa amri tu. Februari 2023, baada ya kelele kuhusu wateja walio katika hali ngumu kulazimishwa, Ofgem, mdhibiti wa nishati, alizitaka kampuni zisimamishe ufungaji wa lazima wa mita za malipo ya kabla.

Basi tuzikatae?

Mimi sizikatai. Mita janja inamwambia mhandisi mtaa gani umekatika kabla wewe hujapiga simu. Inaonyesha umeme unavuja wapi kwa wizi, na wizi ule tunaulipia sote. Inaondoa bili za kukadiria. Kwa kazi hizi nyingi, jumla ya siku kwa nyumba inatosha, pamoja na vipimo vya karibu kwenye transfoma ambayo inahudumia nyumba nyingi na haimtaji mtu. Anayedai kipimo cha kila dakika 15 kwa kila nyumba na atoe sababu, kwa maandishi.

Nchi nyingine mteja amepewa nafasi gani?

Uholanzi ndiyo mfano ninaoupenda. Serikali ilitaka mita ziwe za lazima, na atakayekataa angekabiliwa na faini ya hadi euro 17,000 au kifungo cha miezi 6. Wataalamu wa sheria wa chuo kikuu cha Tilburg wakaonyesha mwaka 2008 kwamba usomaji wa kila robo saa ungevunja haki ya faragha ya Mkataba wa Ulaya wa Haki za Binadamu. Mwaka 2009 baraza la juu la bunge likagoma kupitisha. Sheria iliporudi na kupita mwaka 2011, mteja alikuwa na haki ya kukataa mita, au kuikubali ikiwa imezimwa mawasiliano. Mita zilienea hata hivyo. Heshima haikuukwamisha mradi.

Sheria zetu zinasema nini?

Tanzania, ibara ya 16 ya Katiba inalinda maisha binafsi na maskani ya mtu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 2023, na kuna Tume ya kupeleka malalamiko. Kenya ina kifungu cha 31 cha Katiba na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, chini ya Kamishna wa Ulinzi wa Data. Uganda ilitunga yake mwaka 2019, Rwanda 2021. Msingi unafanana: taarifa zikusanywe kwa lengo linalotajwa, zisizidi lengo hilo, na mwenyewe aweze kuziona.

Hilo la mwisho litumie. Andika barua kwa shirika lako la umeme: naomba nakala ya taarifa zote mlizonazo kuhusu mita namba fulani, mmezihifadhi kwa muda gani, na mmempa nani. Huhitaji wakili. Barua kama hizo zikiwa nyingi, ndizo zinazolifundisha shirika kuweka kumbukumbu vizuri.

Fundi akija kufunga mita janja, nimuulize nini?

Kwanza kitambulisho chake na namba ya kazi, kisha piga simu ya huduma kwa wateja uhakikishe. Namba itoe kwenye risiti yako ya zamani, usiichukue kwake. Muulize inasoma kila baada ya dakika ngapi. Huenda hajui, na hiyo si aibu yake. Mwombe aandike swali kwenye fomu. Piga picha namba ya mita ya zamani na salio lililobaki, na ya mpya ikiwa imefungwa na lakiri yake. Kama kuna programu ya simu, jisajili mwenyewe. Usimwachie fundi aweke neno la siri kwa ajili yako, hata kama ana haraka.

Nikihama, historia yangu inabaki na nani?

Inabaki kwenye namba ya mita, ndani ya kumbukumbu za shirika. Nyumba nyingi mjini mita yake bado ina jina la mtu aliyeuza kiwanja miaka iliyopita, na kwa mita ya kawaida hilo halikuleta shida kubwa. Kwa mita janja linaleta: jina lisilo lako linaweza kuwa ndilo lenye akaunti inayoona nyumba yako. Ukinunua au kuhamia, peleka mkataba ofisini ubadilishe jina, na omba akaunti zote za programu zilizounganishwa na mita hiyo ziondolewe. Ukihama, jiondoe mwenyewe kwenye programu, ubadilishe namba ya simu inayopokea ujumbe, na uchukue karatasi iliyogongwa muhuri inayoonyesha tarehe uliyoacha.